Kaye ya Korona ya Wamaza

Mama Victoire ndiye mwandishi wa shirika, jumuiya ndogo ya Wakristo wa kijiji cha Wamaza. Masomo yake si mengi. Alifika darasa la sita la shule ya msingi, baba yake akafa, masomo yakaishia hapo. Lakini Mungu alimpa mkono mzuri. Herufi zake zinasimama kama mihogo iliyopandwa kwa kamba, na hata wale wasiojua kusoma hupenda kuinama kuzitazama. Kwa miaka kumi na miwili ameandika majina ya watoto wa ubatizo, majina ya wagonjwa wa kuombewa, na zamu za kufagia kanisa. Hakuna siku aliyoogopa kushika biki, kalamu yake ya wino, mpaka ile Alhamisi ya kufunga kaye, daftari la Korona.

Kaye yenyewe ilianzia kwa padri. Alikuja kutoka Kasongo, akasoma misa, na mwisho akawaambia watu wakae kidogo.

“Korona imepita, na sisi tumeanza kuisahau,” akasema. “Kesho watoto watauliza, nasi tutawajibu nini? Kila shirika liandike kaye moja. Musiniandikie habari za redio, hizo nilizisikia. Andikeni yenu. Mulikula nini, muliogopa nini, mulisali namna gani kanisa likiwa limefungwa. Na musichague mutu kwa dini yake. Muislamu na Mukristo, wote tulitetemeka pamoja.”

Kaye za mashirika yote zingekusanywa Kasongo, zifanywe kitabu kimoja.

Watu wa shirika wakajiwekea sheria. Mtu anasimulia, Victoire anaandika. Akimaliza anamsomea kwa sauti mbele ya wote. Kisha kiongozi wao, Papa Michel, anauliza mara tatu, kama padri anavyotangaza ndoa: “Kuna mwenye nyongeza?” Aliyekuwapo siku ile, aliyeona au aliyesikia jambo, ana haki ya kuongeza. Asiyejua afunge kinywa. Baada ya mara ya tatu, mwenye hadithi anapakwa wino wa biki kwenye kidole gumba, anakigandamiza chini ya maneno yake, na basi, imefungwa. Hata ukikumbuka mengine kesho, hakuna kugusa tena.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za kicheko. Hidaya, Mwislamu, mke wa Assumani mwenye duka la sabuni na chumvi, alisimulia jinsi alivyomfunika mume wake blanketi juu ya sufuria ya majani ya ndimu na tangawizi, ili mvuke uitoe Korona kifuani.

“Alitoka pale mwekundu kama samaki wa kukaanga,” akasema. “Toka siku ile nikimuuliza kama anakohoa, anakataa hata sijamaliza kuuliza.”

Papa Michel akauliza nyongeza. Assumani akasimama, akashika kofia yake.

“Mimi niko na nyongeza. Hakusema kama alitia na pilipili.”

Watu wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Papa Michel naye akaeleza jinsi nyumba yake ya watu saba ilivyokuwa na barakoa moja ya kitenge. Anayekwenda soko ndiye anayeivaa. Wengine wakikutana naye njiani wanaiomba, wanaivaa vilevile ikiwa na joto la pua ya mwenzao. Victoire aliyaandika yote, naye akicheka. Lakini kila jioni akifunga kaye alikuwa akihesabu moyoni ni nani hajasimulia bado, na kila mara jina lililobaki lilikuwa moja. Alimwomba Mungu Mama Cécilia asije.

Sababu yake ni hii.

Mwaka ule wa 2020, habari za Korona zilipofika, wakubwa wa kijiji waliweka mwanzi mrefu kukata njia, pale juu penye daraja la magogo. Anayetoka mbali haingii. Atalala siku kumi na nne katika vibanda vya shamba ng'ambo ya kijito, na wanawake wa kijiji watampelekea chakula. Chini kidogo ya daraja kuna jiwe kubwa, upande huu wa maji. Ukifika, unatua sahani juu ya jiwe, unaondoka. Aliyeko ng'ambo anavuka maji ya magoti, anachukua, anarudi. Zamu haikuwa na orodha. Aliyepika chakula kikazidi, alipeleka.

Cécilia alikuwa anarudi kutoka Kasongo, alikokwenda kumzika mama yake. Alikuwa na mtoto wake mmoja tu, Carine, wa miaka minne. Papa Michel alikuwa kati ya waliosimama penye mwanzi siku ile. Cécilia hakubishana nao. Alimbeba mtoto mgongoni, akaenda kwenye kibanda.

Siku ya sita, asubuhi, Victoire alipika bugali wa muhogo na sombe ya majani yake, akafunika sahani kwa kitambaa, akashuka mpaka jiweni. Alikuwa hajaitua bado aliposikia sauti ya Cécilia kule juu, upande wa daraja. “Jamani! Munisaidie! Mutoto anakakamaa!” Ilikuwa sauti ya mtu anayekimbia huku anaita. Penye mwanzi hapakuwa na walinzi, mvua ilikuwa imewachelewesha. Sauti ikaita tena. Ikaita na mara ya tatu. Kibanda kilikuwa mbele ya macho ya Victoire, hatua thelathini hivi ng'ambo ya maji. Kuvuka, angeweza. Lakini alifikiri watoto wake wanne. Akafikiri mama mkwe wake mzee, aliyelala chumba kimoja nao. Akafikiri maneno ya redio. Akaweka sahani juu ya jiwe, akapanda kilima mbio, akaingia nyumbani, akafunga mlango, akashika rozari.

Carine alikufa kabla jua halijafika katikati ya mbingu. Baadaye mganga alisema ni malaria, ileile inayochukua watoto kila majira ya mvua. Korona haikuwamo hata kidogo.

Miaka minne Victoire hakumwambia mtu. Kwa padri aliungama, lakini aliungama kwa kuzunguka: “Nilikosa upendo kwa jirani.” Padri akampa Salamu Maria kumi. Akazisali zote kwa magoti, akainuka akiwa mzito vilevile. Na Cécilia alikuwa jirani mwema. Waliazimana chumvi. Kila Jumapili, wakati wa kupeana amani, walishikana mikono, na Victoire alikuwa wa kwanza kuachia.

Basi, ile Alhamisi ya mwisho watu walikutana kwenye kanisa la nyasi tangu saa nane. Nje, Chadrack alikuwa akifunga mizigo kwenye pikipiki yake. Yeye ndiye angepeleka kaye Kasongo, na wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Lusangi.

“Mama Victoire, tufunge,” akasema Papa Michel. “Mvua ikimukuta Chadrack njiani, kaye itafika kama uji.”

Victoire akafunika biki kofia yake. Moyo wake ukaanza kushuka, ukatulia. Ndipo mlangoni pakaingia giza. Cécilia alikuwa amesimama pale, jembe begani, udongo wa shamba mpaka magotini.

“Nimechelewa?” akauliza.

“Hapana, mama, karibu,” akajibu Papa Michel, lakini hakumtazama machoni. “Uko na neno la kaye?”

“Niko nalo. Si refu.”

Akaegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye kigoda mbele ya meza ya Victoire, magoti yao yakakaribia kugusana.

“Andika, dada,” akasema. “Andika polepole, nisikuharakishe.”

Victoire akafungua ukurasa mpya. Alitazamia lawama. Alizitaka hata, kwa sababu lawama angeziandika kwa kichwa kimeinama, zikapita. Kama Cécilia angesema kijiji kizima kilimuua mtoto wake, Victoire angekuwa ndani ya kijiji kizima, mmoja kati ya wengi.

Lakini Cécilia alisimulia kwa upole, kama anayepanga vyombo. Alisimulia kibanda kilivyovuja. Alisimulia jinsi Carine alivyopenda kwenda jiweni, na kila asubuhi alivyouliza leo Mungu ameweka nini, kwa kuwa hawakumwona aliyeleta. Watu waliokuwa wakinong'ona kwenye mabenchi wakageuka kumsikiliza mmoja mmoja.

“Siku ya sita akashikwa na homa kali,” akasema. “Akaanza kukakamaa. Nikamulaza kwenye mukeka, nikakimbia juu kwenye daraja kuita walinzi. Niliita, niliita. Hakuna mutu aliyenisikia. Andika hivyo. Hakuna aliyenisikia.”

Biki ya Victoire ikasimama.

“Umeandika?”

“Niko naandika.”

“Nikarudi mbio. Nikashuka upande huu wa maji, nivukie jiweni, nikakuta sahani. Bugali ulikuwa bado moto, moshi unatoka chini ya kitambaa. Nikasema moyoni, huyu aliyeleta amepita sasa hivi. Kama angechelewa kidogo tu, angenisikia, angekuja. Sikumujua ni nani. Nilimushukuru vilevile, kwa sababu alitukumbuka. Nilipofika ndani, mutoto alikuwa amekwisha kwenda.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Siwalaumu watu wa kijiji. Kulikuwa mbali, na kila mutu alikuwa na woga wake. Ni hayo tu. Nisomee.”

Victoire akasimama kusoma, maana ndiyo desturi. Alisoma kibanda, akasoma jiwe, akasoma swali la mtoto. Alipofika kwenye “hakuna mutu aliyenisikia”, akakohoa, akayarudia maneno yale mara mbili bila kutaka. Ni yeye aliyekuwa ameyaandika, kwa herufi zake nzuri zilizosimama wima, na hapo chini palibaki nafasi ya kidole. Yakiisha kufungwa yangekwenda Kasongo, yakae kitabuni, na wajukuu wangesoma kwamba siku ile Wamaza hakuna aliyesikia.

“Kuna mwenye nyongeza?” akauliza Papa Michel.

Upepo ulianza kuchezea nyasi za paa.

“Mara ya pili, kuna mwenye nyongeza?”

Victoire alikuwa ameanza kazi ya wino. Alishika kidole gumba cha Cécilia, akakisugua kwa biki. Kilikuwa kigumu, na nyufa zake zilikuwa na udongo ambao wino haukuweza kuufunika. Alijua kinachomngoja akisema. Yeye ndiye anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Yeye ndiye anayesimama Jumapili kusoma nia za maombi. Nani angemleta mtoto wake kwake tena? Nani angekula chakula cha mkono wake? Na asiposema, hakuna binadamu atakayejua milele.

“Mara ya tatu na ya mwisho. Kuna mwenye nyongeza?”

“Mimi,” akasema Victoire. Alikuwa bado ameshika kile kidole.

Papa Michel akatabasamu. “Wewe? Mwandishi anaongeza nini? Umesahau nukta?”

Wawili watatu wakacheka.

“Ule bugali,” akasema Victoire, “ni mimi niliupeleka.”

Uso wa Cécilia ukafunguka. “Kumbe ni wewe! Dada yangu, asante. Miaka yote hii sikujua nani wa kumushukuru.”

“Usinishukuru. Cécilia, usinishukuru. Nilikuwa nimesimama pale jiweni, sahani mukononi, ulipoita. Nilikusikia. Mara tatu nilikusikia. Nilisikia na neno lenyewe, ‘mutoto anakakamaa’. Nikaweka sahani, nikakimbia nyumbani, nikafunga mulango.”

Cécilia akauvuta mkono wake taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye mdomo wa mnyama.

Papa Michel akainuka. “Mama Victoire, hayo yameisha. Kila mutu alikuwa na kosa lake, hata mimi nilishika mwanzi. Hiyo haiingii kwenye kaye. Itasomwa Kasongo! Watasema Wamaza tuko watu wa namna gani?”

“Papa Michel,” akasema Hidaya kutoka nyuma, “umeuliza mara tatu kwa kinywa chako. Sasa umejibiwa, unakasirika?”

“Mama Hidaya, wewe nyamaza, haya ni mambo ya shirika.”

“Pilipili yangu mumeiandika. Hiyo ilikuwa ya shirika?”

Hakuna aliyecheka. Cécilia alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka ukutani, akachukua jembe lake. Watu wa benchi la mbele wakarudisha miguu nyuma. Victoire hakuondoka mahali pake. Aliweka mikono miwili juu ya kaye na kuinamisha kichwa, na sala zote alizozijua zilikuwa zimemtoroka, hata ile ya mtoto mdogo.

Cécilia alifika mlangoni. Akasimama hapo, mgongo wake kwao, akiangalia nje. Kisha akageuka, akarudi mpaka mbele ya meza na jembe lake mkononi.

“Ulikuwa pale jiweni,” akasema.

“Ndiyo.”

“Kibanda ulikuwa unakiona.”

“Nilikiona.”

“Mimi nilikuwa kule juu. Sauti yangu ilijaa masikioni mwangu, sikusikia kitu kingine.” Akaegemea jembe. “Kuna neno moja najiuliza miaka minne. Sikuwa na mutu wa kumuuliza, maana nilijua hakukuwa na mutu. Mutoto wangu, nilipomuacha, aliniita?”

Victoire aliinua macho. Aliona jibu jepesi lipo karibu kabisa, jibu ambalo mama yeyote angempa mama mwenzake. Kwamba hakulia, alikuwa amelala, hakujua kitu. Alimwomba Mungu amruhusu kulisema, na ulimi wake ukakataa. Alikuwa amekwisha kumwacha mwanamke huyu na uongo miaka minne.

“Alikuita,” akasema. “Mara moja.”

“Alisema nini?”

“Alisema ‘mama’. Hakuwa analia. Ilikuwa kama mutoto aliyelala muchana, anaamka, anauliza mama iko wapi. Kisha sikusikia tena.”

Jembe likaanguka chini. Cécilia akaketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kidole kimoja cha rangi ya buluu.

“Basi aliamka,” akasema. Hakuwa anasema na Victoire, wala na mtu yeyote. “Nilimuacha macho yamegeuka. Nilifikiri alikuwa amekwisha kwenda hata kabla sijatoka. Kumbe aliamka.”

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa jambo la kumfariji au la kumuua.

Chadrack akachungulia mlangoni. “Papa Michel, matone yameanza. Nichukue kaye?”

“Utangoja,” akasema Cécilia bila kugeuka. Kisha akamwambia Victoire, “Andika.”

“Niandike nini?”

“Vyote. Kwanza futa pale penye hakuna aliyesikia. Halafu andika aliyesikia ni nani, jina lako lote na la baba yako. Andika ulisimama wapi. Andika mutoto aliita mara moja.”

Victoire akaandika. Papa Michel akaketi. Mstari uliofutwa ulibaki pale, wa buluu nzito, kovu kwenye ukurasa msafi. Herufi zilizofuata hazikusimama wima. Akasoma yote tangu mwanzo mpaka mwisho, akisimama kila palipomshinda, na hakuna aliyemsaidia. Papa Michel akauliza tena mara tatu, sasa kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeongeza.

Victoire akageuza biki aweke sahihi yake, kama alivyozoea. Cécilia akamnyang'anya.

“Hapana. Utaweka kidole, kama sisi.”

Akamshika kidole gumba, akakipaka wino yeye mwenyewe, kwa nguvu, mpaka pembeni mwa ukucha, akakigandamiza kwenye karatasi. Kisha akaweka chake kando yake. Vidole viwili vikakaa chini ya jina la Carine, kimoja kikiwa na mistari myembamba, kingine kikiwa na nyufa.

“Usinitazame hivyo,” akasema Cécilia. “Sitasema nimekusamehe. Leo sitasema.”

“Leo sikuomba,” akajibu Victoire.

Papa Michel akachukua kaye aipeleke kwa Chadrack. Cécilia akaweka kiganja juu yake.

“Papa, ngoja. Hii inakwenda Kasongo, nami nitabaki na nini? Victoire, toa karatasi moja ya nyuma. Niandikie ile mistari, pale alipoita.”

“Nani atakusomea, dada?” akauliza Victoire. Neno hilo, dada, lilimtoka kwa woga.

“Wewe. Utakuja nyumbani kunisomea, kila nitakapokuita. Na nikikuita, usijifanye hukusikia.”

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga majani ya migomba. Chadrack akazima pikipiki, akaingia kujikinga. Victoire akachana karatasi taratibu ili isipasuke, akaiweka juu ya meza. Cécilia akavuta kigoda, akainama karibu kabisa kuangalia biki inavyokwenda.

“Jina lake liko wapi?” akauliza.

Victoire akamwonyesha.